Jibu la mtaalamu: Nitawashirikishaje wagonjwa kupanga upya kliniki ya sukari bila kuwageuza watumishi wenzangu washtakiwa?

Swali

*Mimi ni muuguzi, nasimamia kliniki ya sukari na presha kwenye kituo cha afya cha serikali. Kliniki ni kila Jumanne na tunapokea wagonjwa kati ya 60 na 80, wengi wazee. Wanafika saa kumi na mbili asubuhi hawajala kwa sababu ya kipimo, na wa mwisho wanaondoka saa tisa alasiri. Malalamiko hayaishi. Timu ya halmashauri ilipokuja kukagua ilituagiza "tuwashirikishe wateja katika kupanga huduma". Sanduku la maoni tunalo. Tukilifungua tunakuta karatasi mbili, moja ya kushukuru na nyingine ya matusi. Tuliitisha mkutano, wakaongea mwenyekiti wa kijiji na wazee wawili, wakadai daktari bingwa na mashine ya eksirei, tukaishia hapo. Sasa wenzangu wanasema zoezi hili ni la kutafuta mchawi. Yupo pia mwalimu mstaafu ambaye kila kliniki lazima agombane na mtu pale masijala, na wenzangu wameapa huyo asiingie kwenye kikao chochote. Je, wagonjwa wanaweza kweli kupanga huduma za kitaalamu? Nianzie wapi, bila bajeti, na bila kuvunja timu yangu?*

Jibu

Dada, umeuliza mambo matatu kwa mpigo: kama wagonjwa wana uwezo wa kupanga huduma ya kitaalamu, kama kuwapa nafasi hiyo kutawaweka wenzako kizimbani, na kama inawezekana bila fungu. Nitayajibu yote. Ila nianze na lile ambalo hukuliuliza, yaani kwa nini sanduku na mkutano havikuzaa kitu, maana ukilielewa hilo mengine yatakuwa mepesi.

Sanduku la maoni linamtaka mgonjwa ajue kuandika, awe na kalamu, aone vizuri, na aamini kwamba mwandiko wake hautatambuliwa. Wewe unasimamia kliniki ya sukari. Ni wangapi kati ya wagonjwa wako ambao macho yao bado yanasoma maandishi madogo? Na hata mwenye macho mazima anajua kwamba kituo ni hicho kimoja. Anayemuuliza leo kama huduma ni nzuri ndiye atakayemchoma sindano Jumanne ijayo. Kwa hiyo ataandika "huduma nzuri, Mungu awabariki", au atasubiri mpaka hasira zimjae ndipo aandike matusi. Karatasi zako mbili ndizo hizo. Madodoso ya kupima kuridhika, yale mgonjwa anayoulizwa akiwa anatoka getini, yana ugonjwa huohuo: karibu kila mtu ameridhika, halafu ukimfuata nyumbani kwake, ukakaa naye uani, anakusimulia mambo mengine kabisa.

Mkutano nao una taratibu zake. Anafungua mwenyekiti, wanazungumza waliozoea kuzungumza, na yule mama anayekuja kliniki na mjukuu mgongoni anakaa nyuma kimya. Juu ya hayo, swali lililoulizwa lilikuwa "mnataka tuwafanyie nini?" Mtu akiulizwa anataka nini kituoni anataja alichokiona hospitali ya mkoa: bingwa na mashine. Ni haki yake kuvidai, lakini havimo ndani ya uwezo wako, kwa hiyo mkutano ukafia hapo na kila upande ukaondoka na dhana yake, wao kwamba hamsikilizi, ninyi kwamba hawaelewi.

Acha kuwauliza wagonjwa maoni yao. Waulize yaliyowapata. "Jumanne iliyopita, tangu ulipoamka mpaka uliporudi nyumbani, siku yako ilikwendaje?" Uliza hivyo, kisha nyamaza.

Utakachosikia kinaweza kufanana na hiki. Mama wa miaka sitini na kitu ameamka saa kumi alfajiri kwa sababu bodaboda akiichelewa atatembea. Hajala tangu jana jioni. Amefika, ameweka daftari lake kwenye foleni ya madaftari iliyopangwa juu ya benchi, naye amekaa. Ana haja ndogo, na mwenye sukari unajua haja hiyo haisubiri, lakini choo kiko nyuma ya jengo, na akiitwa wakati hayupo faili lake linarudishwa chini ya rundo. Kwa hiyo siku hizi, akijua kesho ni kliniki, anaacha kunywa maji kuanzia jioni. Saa tatu amechomwa kidole, kipimo kimeandikwa, hakuna aliyemwambia kwamba sasa anaweza kula. Anadhani bado kuna kipimo kingine. Vidonge vyake alivimeza nyumbani kabla ya kutoka, kama kawaida yake. Saa tano, akiwa bado benchini, jasho jembamba linamtoka, mikono inatetemeka, jirani anampa pipi. Anaingia kwa daktari, anaulizwa "unaendeleaje?", anajibu "sijambo".

Kwenye kitabu chenu mama huyo ni namba moja tu: sukari 6.1, presha ya wastani, aendelee na dawa. Hakuna dodoso ambalo lingeuliza kama anaacha maji kwa kuogopa kwenda chooni, kwa sababu aliyetunga dodoso hajui kwamba jambo hilo lipo. Wahenga walishasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na angalia kilichojitokeza katika simulizi moja: hatari ya kitabibu, yaani sukari kushuka mgonjwa akiwa ndani ya kituo, pamoja na mambo matatu au manne yanayorekebishika bila kununua kitu. Neno moja baada ya kipimo, "sasa kula". Maelezo ya mapema kuhusu dawa za asubuhi ya kliniki. Namba za foleni ambazo mtu akienda chooni hapotezi zamu yake.

Hapo ndipo swali lako la utaalamu linapojibika. Hakuna anayependekeza dozi ya insulini ipigiwe kura. Wagonjwa ni wataalamu wa mambo ambayo wewe huwezi kuyaona ukiwa upande wako wa dirisha: kusubiri, kuelewa au kutoelewa maelezo, nauli, aibu, hofu, namna dawa inavyoingia au kutoingia kwenye maisha ya nyumbani. Ninyi ni wataalamu wa tiba, miongozo na usalama. Ufundi wa kazi hii ni kujua mpaka uko wapi, na mara nyingi pande zote mbili zinahitajika kwa jambo moja. Chukua suala la kuja bila kula. Wagonjwa watapendekeza liondolewe. Msiwakatalie moja kwa moja, wala msikubali kwa kuwapendeza. Mganga aeleze: kipimo cha sukari ya asubuhi kabla ya kula kinahitaji njaa ya saa nane au zaidi. Kile kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita, HbA1c, hakihitaji njaa, lakini vituo vingi vya ngazi yenu havina. Je, kila mgonjwa, kila mwezi, lazima apimwe akiwa hajala? Au waliotulia wanaweza kupimwa kwa ratiba tofauti, na wanaokuja na njaa wakapimwa wa kwanza, saa moja asubuhi, kabla hata ya kutafutiwa faili? Mgonjwa peke yake hawezi kulijibu, nawe peke yako usingelifikia, kwa sababu ulishazoea kuona benchi limejaa watu wenye njaa.

Sasa nije kwa wenzako. Hofu yao ni ya haki na usiipuuze. Mtumishi anayehudumia watu 80 na bado anaandikwa kwenye karatasi ya matusi hawezi kufurahia kusikia kwamba wagonjwa watakaribishwa kusema zaidi. Kosa linalofanywa na wengi, hasa miradi yenye haraka, ni kuwaendea wagonjwa kwanza, kukusanya malalamiko, kisha kuwasomea watumishi kikaoni. Hiyo kweli ni kutafuta mchawi.

Njia ambayo nakushauri ilipata umbo lake Uingereza katikati ya miaka ya 2000, kwenye huduma za saratani ya kichwa na shingo katika hospitali ya Luton and Dunstable. Watafiti Paul Bate na Glenn Robert walifanya kazi na wagonjwa na watumishi wa pale kwa mpangilio huu. Kwanza walikaa na kutazama kliniki inavyokwenda. Kisha walihoji watumishi: kazi yako ikoje, inakuuma wapi, unajivunia nini. Halafu wagonjwa walisimulia safari yao, wakirekodiwa kwa video kwa ridhaa yao. Watumishi walikutana peke yao wakazungumzia ya kwao. Wagonjwa walikutana peke yao, wakatazama filamu fupi iliyokatwa kutoka kwenye simulizi zao, wakachagua yale yanayowauma zaidi. Baada ya hapo ndipo pande mbili zikakaa chumba kimoja, zikatazama filamu hiyo pamoja, kila upande ukataja vipaumbele vyake, wakagawanyika katika vikundi vidogo vya mchanganyiko, kila kikundi na jambo moja la kurekebisha.

Mpangilio huo una sababu zake. Mtumishi akishasikilizwa kwanza, anaingia kwenye kikao cha pamoja akiwa na lake la kusema, hakai akisubiri kushambuliwa. Mgonjwa akishakutana na wenzake, anagundua kwamba kile alichodhani ni bahati yake mbaya ni cha wote, na anapata ujasiri. Na simulizi, tofauti na lawama, ni ngumu kubishana nayo. Ukimwambia mtu wa masijala "mna dharau", atajitetea mpaka jioni. Akimsikia bibi akisema "niliogopa kwenda chooni nisije nikapitwa", hana cha kubisha. Ataanza kufikiria rundo lake la mafaili.

Kwenu, anza na huyo mtu wa masijala. Muulize siku yake kama utakavyomuuliza mgonjwa. Nadhani utasikia kwamba mafaili yamepangwa kwa namba wakati wagonjwa wanakuja na majina, kadi wamesahau nyumbani, na wengine wameandikishwa kwa jina la baba mwaka huu na la mume mwaka juzi. Muulize daktari: atakwambia lazima apite raundi wodini kwanza, kwa hiyo kliniki inayosemekana kuanza saa mbili inaanza saa nne, na hakuna aliyewaambia waliokaa benchini. Jiulize na wewe. Mara ngapi unamaliza kliniki saa tisa hujapata hata chai? Njaa ipo pande zote mbili za dirisha, na mtu mwenye njaa hajibu vizuri.

Sisemi hilo la chai kwa utani. Mkoani Tanga, mradi wa utafiti ulioitwa Staha ulishughulikia heshima kwa akina mama wanaojifungua, katika wilaya za Korogwe na Muheza, moja ikifanyiwa kazi na nyingine ikiwa ya kulinganisha. Jamii na watumishi waliupitia upya mkataba wa huduma kwa mteja, wakakubaliana nini kila upande unastahili, kisha timu ya hospitali ikatafuta mabadiliko yake yenyewe. Miongoni mwa waliyofanya ni kuweka mapazia kwa ajili ya faragha na kuwapa chai watumishi wa wodi ya wazazi walio zamu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha uwezekano wa mama kutendewa visivyo ulipungua kwa asilimia 66 ukilinganisha na wilaya ya jirani. Chai ya watumishi ndani ya mpango wa kuheshimu wagonjwa! Mkaguzi angeishangaa, lakini aliyekesha zamu ya usiku hawezi kuishangaa.

Ili wenzako watulie, wekeni masharti matatu wazi tangu siku ya kwanza, na uyasimamie bila aibu. Simulizi hazitaji jina la mtumishi. Kinachojadiliwa ni utaratibu, yaani foleni, chumba, maelezo, muda. Na tuhuma nzito zina njia yake nyingine, nitaieleza mwishoni, haziletwi kwenye kikao hiki. Waambie pia ukweli kwamba kuna kitu kitawauma. Haiwezekani kumsikia mgonjwa akieleza siku yake bila kuumia kidogo. Maumivu hayo ndiyo yanayomsukuma mtu kubadilika, mradi asiachwe nayo peke yake.

Kuhusu mwalimu mstaafu, mimi ningemwalika. Mtu anayegombana kila Jumanne bado anajali, na amekwishatazama masijala yenu kwa makini kuliko mkaguzi yeyote. Lakini usimwalike awe msemaji wa wagonjwa. Mpe kikundi cha foleni na mafaili, awe na wagonjwa wengine wawili au watatu wasio na sauti kubwa, na mtu wa masijala mwenyewe awemo. Kabla ya hapo kaa naye faraghani umsikilize siku yake yote, asipunguzwe maneno. Wengi wa aina yake hasira hushuka nusu baada ya kusikilizwa mara moja. Akiendelea kuvuruga kikundi hata baada ya hapo, mshukuru na umtoe. Hujafunga naye ndoa.

Na wale wengine, utawapataje? Usichukue wanaojitolea tu. Mtafute mgonjwa mpya ambaye bado haelewi lolote, mtu aliyekatwa mguu, kijana wa kisukari aina ya kwanza aliyezungukwa na wazee, mlezi anayemleta mama yake asiyeona, na, muhimu kuliko wote, mtu aliyeacha kuja. Majina ya walioacha unayo kwenye rejesta. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kukufikisha kwao. Simulizi nane hadi kumi zinatosha kwa kliniki moja. Baada ya hapo utaanza kusikia yaleyale.

Utaniambia: lakini tuna Kamati ya Usimamizi wa Kituo, na ndani yake kuna wawakilishi wa jamii. Ndiyo, na huwezi kuiruka. Kamati inapitisha mipango na matumizi, na ina uhalali ambao kikundi chako hakina. Lakini mjumbe wake anaweza asiwe amekaa kwenye benchi lako hata siku moja. Mwakilishi wa wananchi na mtumiaji wa huduma ni watu wawili tofauti. Itaarifu kamati mapema, mwalike mjumbe mmoja awe msikilizaji kwenye kikao cha pamoja, na umwombe abebe maazimio yenye gharama.

Gharama zenyewe ni ndogo, ila si sifuri, na nakusihi usijidanganye hapo. Mgonjwa aliyetoka kijiji cha mbali kwa ajili ya kikao, si kwa ajili ya dawa, arudishiwe nauli na apate chai. Fanyeni vikao siku ya kliniki au siku inayoifuata kupunguza safari. Posho za kikao ziepuke kabisa: zikianza, watakuja wanaotafuta posho, na fedha zikiisha zoezi limekwisha. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 vituo vinapokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zake, kwa hiyo nauli na chai ya vikao vitatu vinaweza kuingizwa kwenye mpango wa mwaka wa kituo kupitia kamati ileile. Video si lazima. Simu ya mkononi inatosha kurekodi sauti, na mgonjwa asiyetaka kurekodiwa anaweza kusomewa maneno yake na mtu mwingine bila jina.

Kama kituo kina timu ya 5S-Kaizen, ule utaratibu wa Kijapani wa kupanga mahali pa kazi na kuboresha kidogokidogo, itumie. Utaratibu ule, uliojaribiwa Mbeya kuanzia mwaka 2007 kabla ya kusambazwa hospitali nyingine nchini, umewafundisha watumishi wengi kutafuta kasoro ndogo na kuzirekebisha wenyewe. Udhaifu wake, kwa mtazamo wangu, ni kwamba tumeupokea zaidi kwa upande wa makabati na vibandiko. Duka la dawa linapangika likapendeza, na mgonjwa aliye nje ya dirisha bado hajui kama ameitwa. Waongeze wagonjwa kwenye timu hiyo na utakuwa umeokoa vikao vingi.

Ni haki yako kujua pia kwamba mambo haya hayafanikiwi kila mahali. Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulifuatilia vituo 50 katika wilaya 9. Wanavijiji walikutana kivyao, watumishi kivyao, kisha pande mbili zikakubaliana mpango wa pamoja wa kufuatilia huduma. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 33, na dunia nzima ya afya ikashangilia. Baadaye utafiti mkubwa zaidi, wa vituo 376 katika wilaya 16, ulijaribu jambo linalofanana nchini humohumo, na upungufu ule wa vifo haukujirudia. Kilichoonekana ni nafuu kiasi katika ubora wa matibabu na kuridhika kwa wagonjwa. Mimi nausoma hivi: kusikilizana kunarekebisha vizuri yale yaliyo mikononi mwa watu waliopo chumbani. Hakuleti dawa ambazo hazijafika, wala hakuajiri muuguzi wa pili. Ukiahidi sukari za wagonjwa zitashuka kwa sababu ya vikao hivi, unaahidi zaidi ya unachoweza. Ahidi foleni fupi, maelezo yanayoeleweka na watu wachache wanaopotea kliniki, kisha pima hayo.

Na kuyapima usiyafanye magumu. Kabla hamjabadilisha chochote, kwa Jumanne tatu andika saa ya kufika, saa ya kipimo, saa ya kuonana na daktari na saa ya kutoka kwa kila mgonjwa wa kumi. Hesabu pia waliokosa tarehe yao kwenye rejesta. Rudieni baada ya miezi mitatu, na bandikeni majibu ukutani hata kama ni mabaya, kwa maandishi makubwa.

Unaweza pia kuchagua njia fupi. Waingereza wenyewe waliona ile ndefu inachukua karibu mwaka mzima, wakajaribu kuifupisha kwa kutumia simulizi zilizokwisha kurekodiwa kwa wagonjwa wa mahali pengine badala ya kuanza upya, na ilifanya kazi vizuri tu kwenye huduma za wagonjwa mahututi na za saratani ya mapafu. Kwa kituo chenu, kama jirani zenu wana kliniki ya sukari na wamekwisha kusikiliza wagonjwa wao, ombeni simulizi zao mzitumie kuanzisha mazungumzo. Pia zina faida ya siri: watumishi wenu watasikiliza kwa utulivu zaidi kasoro za kliniki isiyo yao, na katikati ya kikao mmoja atasema mwenyewe, "hata sisi tuko hivyo". Ila ukinipa nichague, kwa kliniki ya watu 80 ningefanya ya kwenu wenyewe, ndani ya miezi mitatu, na nisingeshika mambo zaidi ya matatu. Moja liwe rahisi kiasi cha kumalizika ndani ya wiki mbili, watu waone.

Kuna hali moja ambayo ningekushauri usianze kabisa: kama mganga mfawidhi hajakubali kwamba angalau jambo moja litakaloamuliwa kikaoni litatekelezwa. Kuwaita wagonjwa waeleze machungu yao kisha kutobadilisha kitu kunawafunga midomo kwa miaka. Zungumza naye kwanza, ana kwa ana, na umpe mfano wa jambo dogo analoweza kulikubali papo hapo, kama vile kupima wenye njaa kabla ya kutafuta mafaili.

Yapo mambo ambayo hupaswi kuyabeba peke yako wala kuyamaliza kwa barua kama hii. Mgonjwa akisimulia kwamba aliombwa hongo, hilo si suala la kupanga foleni. Mweleze njia ya TAKUKURU na umtaarifu mganga mkuu wa halmashauri. Akisimulia kupigwa au kudhalilishwa na mtumishi, lipelekwe kwenye uongozi na, inapobidi, kwa baraza la taaluma husika, kwa upande wetu Baraza la Uuguzi na Ukunga. Akisimulia dalili, mathalani hiyo ya kutetemeka na kutoka jasho, au kidonda cha mguu ambacho hajakionyesha kwa mtu, funga daftari la mahojiano, mpime sukari hapohapo, na ikiwa chini ya 4 mmol/L mpe kitu cha sukari na umwite daktari. Akilia na asinyamaze, muite afisa ustawi wa jamii, na usiendelee kumrekodi. Hata mtumishi anaweza kulia. Naye apewe nafasi hiyohiyo.

Rekodi zote, sauti au picha, zinahitaji ridhaa ya maandishi inayoeleza zitaonyeshwa kwa nani na zitafutwa lini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa taarifa za afya kwa uzito wa pekee, kwa hiyo usizihifadhi kwenye simu yako wala usizirushe kwenye kundi la WhatsApp la watumishi. Na endapo mtapenda baadaye kuandika matokeo kama utafiti wa kuchapishwa, kibali cha maadili kinatakiwa kabla ya kuanza kuhoji, si baada ya kumaliza. Mratibu wa ubora wa huduma kwenye halmashauri yako anapaswa kujua taratibu za NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Mwombe aje kituoni Jumanne moja, akae benchini kuanzia saa kumi na mbili, kabla hamjapanga lolote naye.